Dawa Iliyojificha Kwenye Mkono wa Mtungi

Nimestaafu tangu mwezi wa nne, na ninyi mliobaki stoo mmenitumia salamu mara tatu kwamba niwaandikie habari za miaka yangu. Mke wangu Kemunto anasema niandike haraka, kwa sababu tangu nirudi nyumbani nimepanga upya vyombo vyake vya jikoni mara mbili na kubandika majina kwenye mikebe yake yote, hata mkebe wa chumvi ambao kila mtu anajua ni wa chumvi.

Sitaandika nilipanda cheo lini wala mshahara wangu ulikuwa kiasi gani. Hayo yako kwenye faili na hayajamfundisha mtu kitu. Nitaandika juu ya vyombo: madebe, mitungi, majagi na nailoni. Ninyi mnadhani kazi ya stoo ni kutunza kilicho ndani ya chombo. Mimi pia nilidhani hivyo kwa miaka mingi, mpaka watu saba wakalazwa kwa sababu ya chombo ambacho niliapa hakikuwa na kitu.

Nilifika kwenye shamba lile la chai mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Liko upande wa Konoin, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mogogosiek, mahali ambapo mvua huja karibu kila siku baada ya chakula cha mchana kama mtu aliyeajiriwa. Nilitoka kwetu Kisii nikiwa na miaka thelathini na kitu, na watoto watatu, na kwa miezi minane nilichuma majani nikiwa na kikapu mgongoni. Siku moja nyapara akauliza nani anaweza kusoma maandishi ya kwenye gunia. Nikasoma. Kesho yake nikapelekwa stoo.

Mkubwa wa stoo alikuwa Mzee Ndirangu, mtu wa Nyeri aliyehamia huku zamani. Alikuwa mfupi, na koti lake la kaki lilijaa funguo hata ungemsikia kabla hujamwona. Asubuhi ile ya kwanza hakunionyesha kitabu wala mizani. Aliniketisha kwenye gunia la mbolea akaniambia nifunge macho. Kisha akanisogezea kopo puani.

"Hii ni nini?"

"Mafuta ya taa, mzee."

"Na hii?"

"Dawa ya dipu ya ng'ombe."

"Na hii?"

Nilivuta pumzi mara tatu. Jasho likanitoka. "Hii siijui, mzee."

"Hiyo ni maji," akasema. "Usiogope sana. Mtu akiogopa sana hata pua inasahau."

Tangu siku hiyo kila kilichoingia au kutoka stoo nilikinusa kwanza, hata vipuri vya trekta. Nilimheshimu mzee yule kwa ujuzi wake wa harufu mpaka mwezi wa pili, nilipogundua kwamba yeye mwenyewe hakuwa na pua. Tumbaku ya kunusa ilikuwa imeimaliza kabisa. Ukiacha yale maji aliyoyachota mwenyewe, aliponiuliza "Hii ni nini?" hakuwa ananipima. Alitaka kujua.

Siku hizo karibu kila kitu kilikuja kwenye bati. Mafuta ya taa kwenye debe, mafuta ya kupikia kwenye debe, dawa ya dipu, ile ya kuogeshea ng'ombe kuua kupe, kwenye pipa la chuma. Debe tupu lilikuwa mali. Lilikuwa ndoo, lilikuwa sufuria ya kuchemshia maji ya kuoga, likipasuliwa lilikuwa paa la nyumba ya kuku. Watu waliandikisha majina kusubiri madebe. Mzee Ndirangu alinifundisha kwamba debe lolote lililokaa na dawa lichomwe kwanza kwenye moto wa kuni mpaka liwe jeusi ndani na nje, kisha lisuguliwe kwa mchanga wa mtoni, na hata hapo lisipewe mtu wa kupikia chakula. Bati halikuwa na siri. Likiharibika linaota kutu na unaiona. Likiwa na uchafu unalichoma.

Wenzetu Wakipsigis walikuwa na busara kama hiyo kwenye vibuyu vyao vya maziwa. Kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kulala, kinasuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet mpaka kiwe kisafi na kinukie. Nilikula nao miaka mingi sijawahi kuumwa tumbo.

Halafu plastiki ikaja.

Sikumbuki mwaka ule vizuri, lakini nakumbuka rangi. Dukani Kericho mjini kukatokea beseni nyekundu, vikombe vya manjano, majagi ya buluu, vyepesi kama manyoya. Kina mama waliporudi navyo kambini walivishika kama mtu anavyoshika mtoto mchanga wa jirani. Havivunjiki, walisema. Havishiki kutu. Ukianguka navyo kwenye matope unaviokota tu.

Somo letu la kwanza la plastiki tulilipata siku ya kumuaga Mzee Ndirangu. Kamati ya kina mama ilikuwa imenunua jagi jipya la buluu kwa heshima yake. Chai ikatoka motoni ikichemka, ikamiminwa humo. Mchungaji alikuwa anaombea chakula. Kabla hajafika kwenye amina, jagi lilianza kuinama polepole upande mmoja kama mtu aliyelewa, na chai ikamteremkia mchungaji magotini. Maombi yaliisha hapo. Ile iliyobaki tulikunywa kwa adabu, na ilikuwa na ladha ya mshumaa.

"Inanuka?" Mzee Ndirangu akaninong'oneza.

"Inanuka, mzee."

"Basi hiyo chombo si ya moto," akasema, akamwaga yake nyuma ya kiti. Hilo lilikuwa neno lake la mwisho kwangu kuhusu kazi, na lilikuwa la kweli. Kwa nini sikulifikiria zaidi, sijui. Tulicheka tu.

Nikabaki mkubwa wa stoo. Na taratibu dawa nazo zikahama kutoka kwenye bati kwenda kwenye plastiki. Dawa ya magugu ilikuja kwenye mitungi ya galoni mbili yenye kifuniko chekundu. Dawa ya dipu ikaja kwenye mitungi ileile, rangi ileile ya maziwa, kifuniko cheusi. Mitungi mizuri, minene, yenye mkono juu wa kubebea. Ikiisha dawa, inabaki mizuri vilevile.

Sasa nitaeleza kosa langu kama lilivyokuwa, kwa sababu ndilo nililotaka mlijue.

Nilikuwa napenda kupendwa. Mtu akija stoo kuomba mtungi mtupu, na mimi nikampa, alinisalimia kwa furaha mwezi mzima. Mitungi yote niliiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikaianika juani, nikainusa. Ikiwa hainuki, nilijua ni safi. Na ile karatasi ya maandishi iliyobandikwa ubavuni, yenye picha ya fuvu la mtu, niliibandua kwa kisu ili mtungi uonekane wa heshima. Niliona vibaya kumpa mama wa watu chombo chenye fuvu.

Jirani yetu kambini alikuwa Mama Chebet, mchumaji hodari kuliko wote kwenye kundi lake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mume wake, Arap Koech, alikuwa fundi wa ua na mageti. Walikuwa na kashamba kao nje ya mpaka wa chai, na ng'ombe wawili. Siku moja alisimama mlangoni kwangu mikono kiunoni.

"Stoo, si unipatie hata mtungi moja? Ama unapatianga Wakisii peke yao?"

"Mama Chebet, Wakisii wamenichosha kuliko nyinyi."

"Basi nipatie mimi, upumzike."

Nilimpa mmoja wa kifuniko cheusi. Nilikuwa nimeuosha mara tatu.

Jumamosi iliyofuata, kazi ilipokwisha saa sita, Mama Chebet alikuwa amewaita wenzake wamsaidie kupalilia mahindi. Alipika uji wa wimbi, akaumimina kwenye ule mtungi ukiwa moto, akauzungushia blanketi usipoe, akaubeba mpaka shambani. Palizi ikiendelea, mtungi ukakaa pale kwenye blanketi karibu saa mbili. Kisha wa kwanza wakapumzika na kunywa: wanawake watano, yeye mwenyewe akiwa mmojawapo, na watoto wawili, mmoja Chebet wa miaka minne. Wengine walikuwa bado wanamalizia mistari yao. Hilo ndilo lililowaokoa.

Nilikuwa nimekaa nje ya nyumba yangu niliposikia makelele. Trekta ilikuja na trela, na juu ya trela walikuwa wamelala. Tuliwakimbiza zahanati ya shamba, ambako dresa wetu alikuwa Wekesa, Mluhya mpole aliyekuwa akifunga vidonda vya panga na kutoa dawa ya malaria miaka yote. Siku hiyo nilimwona mtu mwingine. Aliwafungua macho mmoja mmoja kwa kidole gumba. Walikuwa wanatokwa jasho kama waliotoka mtoni, mate yanawachuruzika, matumbo yanawakata, na mikono inawacheza.

"Mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya pini," Wekesa akasema. "Hii si chakula kilichooza. Wamekunywa nini?"

Mtu akauleta mtungi. Ulikuwa bado na joto.

"Huu mtungi ulikuwa na nini mbele?" Akapandisha sauti. "Sikilizeni. Kama ni dawa ya dipu, niko na sindano yake. Kama ni dawa ya magugu, hiyo sindano haina kazi, na nitapoteza muda ambao hawana. Karatasi yake imetolewa. Nani anajua?"

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Mimi nilikuwa katikati yao. Mama Chebet alikuwa kwenye benchi, shavu juu ya mbao, na macho yake yakaja moja kwa moja kwangu. Mpaka leo sijui kama hakuweza kunitaja au hakutaka.

Nataka mjue kwamba sikujibu mara moja. Nilipata nafasi ya kufikiria nyumba ya kampuni ninayokaa, na watoto wangu shuleni, na kwamba mtungi mmoja unafanana na mwingine. Haikuwa muda mrefu, lakini nilifikiria.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeutoa mimi stoo. Ni dawa ya dipu."

"Una hakika?"

"Kifuniko ni cheusi. Ngoja nikuletee iliyojaa, usome mwenyewe."

Sijawahi kukimbia hivyo tena. Nilirudi na mtungi uliojaa, karatasi yake ikiwa mahali pake, fuvu na yote. Wekesa akasoma akitembeza kidole chini ya kila mstari, kisha akavunja vichupa na kuanza kuchoma sindano. Alianza na watoto. Akachoma, akasubiri, akatazama mate, akachoma tena. Gari la meneja lilipofika kuwapeleka hospitali Kericho, midomo ya wanawake wanne ilikuwa imeanza kukauka, na Wekesa akaniambia hiyo ndiyo dalili aliyokuwa anaitafuta. Chebet peke yake ndiye aliyekuwa amelegea kabisa, mama yake akimshika mguu kwa sababu hakuwa na nguvu ya kumbeba.

Jioni ile nilimweleza Kemunto kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyanyuka, akaenda pembeni jikoni, akarudi na mtungi wetu wa maji ya kunywa, akauweka mezani mbele yangu.

"Na huu wetu ulikuwa na nini?"

Nilitazama. Kifuniko kilikuwa kimepotea zamani, tulikuwa tunaziba na gunzi la mahindi. Niliuleta mimi mwenyewe, miaka miwili nyuma, nikiwa nimefurahi.

"Sikumbuki," nikasema.

Hakunitukana. Alitoka nao nje akamwaga maji yote kwenye majani, akarudi akachemsha maji mengine kwenye sufuria kubwa. Watoto walikunywa maji ya vuguvugu usiku ule wakilalamika, na hakuna kati yetu sisi wawili aliyewaeleza.

Jumatatu, mimi na Wekesa tulikaa nyuma ya zahanati na msumeno wa chuma. Nilimwambia na kurudia kwamba nilikuwa nimeuosha ule mtungi mara tatu, na Mama Chebet alikuwa mtu msafi, lazima na yeye aliuosha. Tulikata tumbo la mtungi katikati. Kulikuwa na uji tu. Wekesa akaupiga piga, akaupima kwa mkono, akasema, "Hebu kata hapa juu."

Nilikata mkono wa mtungi, pale pa kushikia. Ndani ulikuwa na uwazi, kama mfupa. Na ndani ya uwazi ule, pale kwenye kona ambapo maji ya kuoshea hayafiki hata ukitikisa namna gani, dawa ilikuwa imeganda, ya kahawia, nzito kama asali ya mwisho wa kopo. Chini yake kulikuwa na mfereji safi, mahali ambapo uji wa moto ulikuwa umeingia, ukaiyeyusha na kutoka nayo.

Kisha Wekesa akachukua kipande cha ubavu wa mtungi, akakitia kwenye maji yanayochemka, na baada ya dakika chache akaniambia ninuse. Kipande ambacho kilikuwa hakinuki chochote kikanuka dipu kabisa.

"Hata mwili wake umekunywa," akasema. "Sabuni inaosha juu. Hii imeingia ndani ya plastiki yenyewe."

Meneja aliniita alasiri. Alikuwa mtu mwenye haraka, mwenye barua ya kujibu.

"Andika kwamba uji ulikuwa umeharibika," akaniambia. "Hao akina mama wanaweka uji siku tatu."

"Uji ulikuwa mzuri, bwana. Ulipikwa siku hiyohiyo."

"Unajua unajifunga mwenyewe?"

"Najua, bwana. Lakini yule mtoto bado yuko hospitali, na madaktari wa Kericho wakisoma uji wataanza kutibu uji."

Niliandika nilichofanya, ukurasa mmoja, na nikabandika juu yake ile karatasi ya fuvu. Nilirudishwa kwenye majani, kikapu mgongoni, kama siku ya kwanza.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda hospitali na ndizi. Arap Koech alinikuta kwenye veranda. Yeye ni mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kina mizigo ya kwao.

"Pwana Stoo," akasema, "mimi sijui kitu ya kukuambia sasa. Ngoja kwanza mtoto atoke. Hapo nitajua."

Wale wanawake walitoka siku ya tatu na ya nne, na yule mtoto mwingine pamoja nao. Chebet alikaa siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa barabarani, Arap Koech akaja na baiskeli, mtoto amekaa mbele kwenye bomba, ameshika kengele. Alishuka. "Chamgei," akasema, akinisalimia kwa lugha yao. Nikajibu, "Chamgei mising." Akapanda akaenda. Sijapewa salamu nyingine yenye uzito kama ile.

Na Mama Chebet? Aliporudi kazini, nyapara, ambaye sidhani alikuwa anafikiri, alitupanga mistari iliyopakana. Wiki mbili hatukuongea. Alikuwa anachuma kama mashine ya kushona, mimi nabaki nyuma. Siku moja alisimama akanitazama juu ya vichaka.

"Stoo, unachuma vibaya. Unatoa majani ya kizee. Angalia: mawili na kile kidogo cha juu. Mawili na kile kidogo."

"Asante, Mama Chebet."

Tukachuma. Baada ya hatua kama kumi akauliza bila kunitazama, "Ule mtungi, uliosha ama hukuosha?"

"Niliosha mara tatu."

"Mimi niliosha mara mbili."

"Tumeosha mara tano," nikasema.

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha nyingi, lakini kilikuwa kicheko. "Mara tano," akasema. "Na bado." Nikamweleza habari ya mkono wa mtungi. Aliacha kuchuma mpaka nilipomaliza.

Nilikaa kwenye majani miezi sita. Aliyechukua stoo alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri aliyepanga vitu kwa rangi, kwa kuwa vilipendeza hivyo, na siku alipotuma dawa ya magugu dipuni kwa vile mitungi ilifanana, mtu wa dipu akaigundua kwa bahati tu na meneja akaniita tena. Nilikubali kwa masharti mawili. La kwanza, hakuna chombo cha dawa kitakachotoka stoo kikiwa kizima: kila kimoja kitatobolewa kwa chuma cha moto, tumboni na kwenye mkono. La pili, shamba linunue mitungi mipya ya maji ya kunywa kwa wachumaji, ambayo haijawahi kuwa na kitu chochote, iandikwe MAJI kwa rangi.

Ninyi mmezoea kutoboa, lakini mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Watu waliniona mchoyo. Walisema afadhali yule wa zamani aliyekuwa na moyo, na yule wa zamani nilikuwa ni mimi. Mtu mmoja aliziba tundu kwa lami akabebea maziwa. Basi asubuhi moja kwenye banda la kupimia majani, manung'uniko yakiwa yamepamba moto, Mama Chebet alitua kikapu chake, akaja akaninyang'anya kile chuma, akatoboa mitungi sita mbele ya kila mtu, moshi ukimwingia machoni. "Mwenye anataka mtungi ya dawa," akasema, "aje kwanza anywe na mimi uji." Hakuna aliyekuja.

Mengine tulijifunza kidogo kidogo, mimi na Wekesa. Mimi si mtaalamu, nasema nilichoona. Nailoni ya ndani ya gunia la mbolea si ya kufunikia unga, hata ikikung'utwa namna gani. Mtungi uliokaa na mafuta ya taa hautakuwa wa maziwa kamwe. Plastiki laini isiwekewe kitu kinachochemka. Kama chai imepata ladha ya chombo, imwage, usione haya mbele ya wageni. Beseni lililopasuka na kukwaruzika ndani liondolewe kwenye chakula, kwa sababu uchafu unalala kwenye mikwaruzo na huwezi kulichoma kama debe. Na kama hujui chombo kilikuwa na nini, jibu ni hapana, hata anayeomba akiwa shemeji yako. Shemeji yangu hakunisemesha Krismasi nzima. Yuko hai.

Na karatasi za maandishi, msizibandue. Fuvu lina sura mbaya kwa makusudi.

Miaka yangu ya mwisho chama cha wafugaji kilianza kunialika kwenye mikutano, Fort Ternan kwa watu wa miwa, na mara moja Soin, chini kule kwenye joto. Siku ya Soin nilimwomba Mama Chebet aje anitafsirie. Nilikuwa na mtungi wangu mpya wa maji ya safari na ule wa zamani uliokatwa, nikauonyesha, nikaeleza. Watu walisikiliza kwa heshima, kama wanavyomsikiliza mtu wa serikali, yaani hawakusikiliza.

Mama Chebet akanisukuma kando. Akaanza kusema kwa Kikipsigis, na sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Alionyesha jinsi alivyoufunga mtungi kwa blanketi. Alionyesha urefu wa Chebet kwa mkono, karibu na goti. Kisha akaninyooshea kidole, na kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, akasema, "Huyu ndiye alinipatia hiyo mtungi. Ni huyu." Watu wote wakageuka kunitazama. Nilitazama viatu vyangu. "Na dresa alipouliza, ni huyu alisema. Angenyamaza, mtoto yangu hangekuwa darasa ya tano."

Nilikuwa nimebeba kitu kile miaka sita. Pale Soin, mbele ya watu nisiowajua, nilihisi kimetua.

Kisha bibi mmoja mzee akanyanyuka kutoka safu ya mbele akaenda zake. Nilidhani amechoka. Akarudi na mtungi wa kifuniko cheusi, akaufungua, na mbele yetu akamwaga maziwa ya asubuhi yote mchangani. Mbwa akaja, bibi akamfukuza kwa fimbo. Akasimama mbele yangu akasema jambo, na watu wakaacha kunong'ona.

"Anauliza," Mama Chebet akasema, "sasa jioni atabebea maziwa nini."

Miaka yote niliyokuwa nikitoboa mitungi, hilo ndilo swali ambalo sikuwa nimelijibu. Nilimwaga maji yangu ya safari, nikakausha mtungi mpya kwa leso, nikampa kwa mikono miwili. Aliupokea, akaunyanyua juu kuelekea jua, akafunga jicho moja na kuchungulia ndani ya mkono wa mtungi kwa muda mrefu, kwa makini kuliko meneja yeyote niliyewahi kumfanyia kazi. Kisha akaniitikia kwa kichwa, akaenda nyumbani, kwa kuwa saa ya kukamua ilikuwa imekaribia.